Masomo Saba Uliyosamehewa

Ijumaa, baada ya Asri. Mwaka wa tatu unaingia tangu nitoke Jomvu Kuu, ukitoa zile siku chache za Idd.

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Kesho asubuhi unapanda treni hapo Miritini. Barua hii naiandika kwa mkono kwa sababu vidole vyangu haviingii tena kwenye herufi za simu. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa zote nikutumie. Zisome treni ikishaondoka, si mbele ya mamako. Si kwamba kuna siri. Mamako akikuona umekunja uso atataka usome kwa sauti, na mimi sitaki kusomwa kwa sauti.

Habari za blanketi, chakula, nani wa kumwamini na nani wa kumkimbia, hayo umeshaambiwa na mamako, na nyanyako, na nusu ya Jomvu. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, nalo limeninyima raha wiki nzima. Naogopa, Zuhura. Naliandika neno hilo mapema nisije nikalizunguka mpaka karatasi ikaisha.

Siku ile mamako aliponipigia nilikuwa kwenye foleni ya chakula, upepo unavuma, sahani mkononi. Nikasikia nusunusu: "Zuhura... chuo... wamemsamehe... saba."

"Wamemsamehe? Kwani amekosa nini?"

"Hebu sikiliza vizuri, baba Zuhura. Amesamehewa masomo."

Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Sisi tulivyolelewa, mtu hasamehewi mpaka awe amekosa. Nilidhani umeibia mtihani, ukashikwa, ukalia, wakakuhurumia. Nilikuona umesimama katikati ya chumba cha walimu umeinamisha kichwa. Sahani nikairudisha kama ilivyo. Mpaka ukaichukua simu wewe mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefanya nini, mwanangu? Niambie tu, sitakupigia kelele."

Ukacheka mpaka ukakohoa. "Si msamaha wa kosa, baba! Ni masomo niliyokwisha kuyasoma kule chuo cha kwanza. Wameziona alama zangu, wakasema saba nisiyarudie. Naingia mwaka wa pili moja kwa moja."

Wallahi sikujua kuna msamaha wa namna hiyo duniani. Miaka miwili uliyosoma sayansi ukiwa unatamani uhandisi, ile miaka niliyokuwa nasema moyoni kwamba imepotea, kumbe kuna watu wameichukua, wameipima, wakaona ina uzito wake. Sasa uhandisi wa ujenzi utakuwa miaka minne badala ya mitano. Nikapiga kelele pale kwenye foleni: "Chukua yote! Yote saba! Usiwarudishie hata moja!" Watu wakageuka. Wafula, huyu Mbukusu ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo akasema, "Basi wakiwa na huruma hivyo, waniandikie na mimi nisamehewe kubeba nondo. Hiyo nimeshaisoma miaka ishirini."

Tulicheka siku hiyo. Nikalala nimefurahi.

Kisha Jumapili ukanipigia tena, tukazungumza hili na lile, na katikati ya mazungumzo ukasema kitu kama mtu anayetupa ganda la muhogo njiani. Ulisema, "Mekanika ndiyo bahati kubwa zaidi, baba. Ile nilipita kwa kukariri. Muhula ule walimu walikuwa kwenye mgomo, tukaletewa maswali yaleyale ya mwaka uliotangulia. Ukiniuliza leo kwa nini boriti haivunjiki, sijui." Ukacheka. Na mimi nikacheka, maana sikutaka ujue kilichonipata. Simu ilipokatika nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Sasa nataka nikueleze habari ambayo kwenu nimeipitisha juu juu. Mliijua kama "kulitokea kitu kidogo kazini, alhamdulillahi hakuna aliyeumia." Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sikuwadanganya. Lakini haikuwa kidogo.

Nilipofika hapa kwenye ujenzi wa bwawa, watu wapya wote walikuwa wanapelekwa kwanza mafunzoni. Wanakaa kwenye mabenchi, wanafundishwa kufunga mzigo, kusimama mahali salama, na kumpa ishara mtu wa winchi, ile mashine kubwa ya kunyanyulia mizigo. Mwenye winchi yuko juu, hasikii neno. Anauangalia mkono wako tu. Nyapara alikuwa anapita na majina. Akafika kwangu.

"Wewe umetoka wapi?"

"Mombasa. Changamwe, yadi ya makontena. Miaka kumi na moja nimekuwa chini ya winchi."

"Ah, wewe wa nini benchini? Umesamehewa. Njoo kazini."

Neno lilelile, Zuhura. Nalikumbuka sasa, siku ile sikulitilia maanani. Nilivimba kichwa. Niliinuka mbele ya vijana wale wote nikatembea polepole ili wanione. Mtu niliyeachia shule kidato cha pili, mara ya kwanza maishani mwangu naambiwa somo hili unalijua, pita.

Na nilikuwa nalijua. Hilo ndilo nataka ulishike. Sikuwa nimeongopa. Yadi yetu, kila aliyefunga mzigo ukateleza, mimi ndiye niliyemwonyesha kosa lake. Lakini yadi yetu ilikuwa na desturi zake. Sisi kule, ukitaka winchi izungushe mzigo upande wa pili, unainua kidole juu ya kichwa unakizungusha. Hivyo tulikuta, hivyo tukafanya, hivyo tuliwafundisha waliotufuata. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mahali kidole hicho kinasema kitu kingine.

Siku ya nne au ya tano, tulikuwa na fungu la nondo, refu. Limenyanyuliwa kidogo tu, na ncha yake moja bado imeingia chini ya jukwaa la mbao. Nilitaka lizungushwe kando kwanza, litoke chini ya jukwaa, ndipo lipandishwe. Nikainua kidole, nikazungusha. Kumbe hapa, na karibu kila mahali nasikia, kidole hicho maana yake ni "pandisha".

Likapanda. Ncha ikakwama chini ya mbao, fungu likapinda kama upinde. Mimi nikazidi kuzungusha kidole, nadhani jamaa hajaniona, na kadiri ninavyozungusha ndivyo naye anavyozidi kupandisha. Kisha mbao ikakatika. Sitakueleza sauti yake. Fungu lile lilipita na upepo wake mahali alipokuwa amesimama Wafula.

Wafula alikuwa amelala chini, kifudifudi. Aliisikia mbao inalia kabla haijakatika, akaanguka mwenyewe. Alipoinuka uso wote vumbi, akanitazama, akasema, "Mombasa, ulikuwa unanipungia kwaheri?"

Hakuna aliyecheka. Mwenye winchi akashuka mbio. "Umeniambia nipandishe!"

"Nimekwambia uzungushe!"

"Hiki ni nini? Hiki si kupandisha?" akanizungushia kidole puani.

"Kwetu ni kuzungusha!"

"Kwenu wapi?"

Na mimi, mwanangu, badala ya kunyamaza, nilibishana. Nilibishana na mtu yule muda mrefu, na Wafula amekaa juu ya jiwe hawezi kufunga kamba za kiatu. Nilikuwa nalinda miaka yangu kumi na moja. Nikikumbuka siku hiyo, kidole naweza kukiombea udhuru. Ule ubishi siwezi.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe nikakaa benchini. Mtu mzima nina mvi, nimebanana na vijana, wananiita "babu wa darasa". Nilikaa mpaka mafunzo yakaisha. Na unajua nilikuta nini? Karibu kila kitu nilikuwa nakijua. Nyapara hakukosea sana. Ishara zote zilikuwa zilezile za yadi yetu, isipokuwa mbili. Mbili tu. Lakini hakuna njia ambayo ningejua ni zipi bila kukaa pale. Ningeapa kwamba nazijua zote, na ningeapa kwa haki.

Ndiyo maana siwezi kukwambia ukatae msamaha wao. Hesabu unazijua, tangu darasa la tatu ulikuwa ukinisahihisha dukani mbele za watu. Fizikia ulikuwa ukimfundisha jirani. Sijui michoro, sijui kemia, sijui zile stadi za mawasiliano ni kitu gani, lakini kama unasema unazijua, unazijua. Mimi si mtu wa kukwambia nini kimo katika vitabu hivyo. Naogopa moja tu, lile ulilonitajia mwenyewe ukicheka. Cheti kinasema umepita. Wao wamesoma cheti, na cheti hakikuongopa. Lakini wewe peke yako ndiye uliyekuwapo muhula ule wa mgomo.

Na nimeuliza, usidhani sikuuliza. Uliniambia mwenyewe kwamba Jumatatu unaingia ofisi ya idara, unaweka sahihi ya kukubali, na ukishaweka, somo limehesabiwa umelimaliza, hakuna tena kurudi kulikalia. Ukaniambia pia kwamba mekanika ndiyo mama. Masomo ya mwaka wa pili yamekaa juu yake, na ukisema unalisoma upya, hayo mengine yanakungojea na mwaka mzima unarudi nyuma. Yaani miaka mitano, kama vile hujasamehewa kitu. Nimeyaelewa yote hayo. Nimeyawaza nikiwa chini ya winchi, jambo ambalo halifai kufanywa.

Kuna kitu kingine nilikiona hapa, nikuandikie kabla sijakisahau. Tuna injinia msichana, umri wake ni wako au anakuzidi kidogo, kofia yake ngumu ni kubwa inamfika kwenye nyusi. Juzi tulikuwa tumekwisha kutayarisha kila kitu, tunataka kumwaga zege, akaja, akasimama, akatazama chuma kilivyofungwa. Mmoja wetu akamuuliza, "Injinia, tumwage?" Akasema, "Sijui. Msimwage mpaka nirudi." Akaondoka na mchoro wake.

Watu wakaanza. "Injinia mzima hajui!" "Tumeletewa mtoto!" "Jua linakwenda hilo!"

Wafula akasema, "Mwacheni. Mimi namtaka huyuhuyu asiyejua." Akaninyooshea kidole, mimi, mbele ya wote. "Aliyejua ndiye alitaka kuniua."

Wakacheka mpaka wakakaa. Na mimi nilicheka. Yule binti akarudi, akasema sawa, endeleeni. Hakukuwa na kosa lolote. Alikuwa hana uhakika, akaenda kutafuta uhakika, basi. Lakini siku ile nilifanya kazi chini ya ule ukuta bila kutazama juu, na sijafanya hivyo tangu yale ya fungu la nondo. Nikawaza: huyu ana mzazi mahali fulani, na mzazi huyo hajui kwamba mtoto wake amenituliza moyo. Nikataka na wewe uwe hivyo. Nikaogopa pia, maana kusema "sijui" mbele ya wanaume arubaini wenye koleo si kazi ya kubahatisha. Lazima kwanza uwe unajua mahali ambapo kujua kwako kunakomea. Mtu aliyepita kwa kukariri hana mpaka huo. Kila kitu kwake ni ukungu mmoja.

Sasa nikwambie lililo gumu zaidi, na hili ndilo lililonifanya nisikupigie simu bali niandike. Niliposema "chukua yote", sikusema kwa ajili yako. Nilisema kwa ajili ya mgongo wangu. Tulikubaliana na mamako kwamba sitarudi nyumbani moja kwa moja mpaka wewe umalize. Kwa hivyo uliposema miaka minne, mimi sikusikia masomo. Nilisikia nyumbani. Nilijiona naoga maji ya kisima chetu yasiyonikata pumzi. Nilijiona nasikia adhana ya msikiti wetu badala ya ile ninayoitoa kwenye simu, na watu wa chumbani wananiambia niipunguze. Baridi ya huku imeniingia mahali ambapo haitoki. Nimechoka, Zuhura. Sikufichi. Niliuona mwaka mmoja umeanguka miguuni mwangu kama embe, nikauokota bila kuuliza umetoka mti gani.

Na nina hofu kwamba ulinisikia. Una masikio makali tangu utoto. Nina hofu kwamba Jumatatu utakaa mbele ya karatasi ile, na kalamu mkononi, na utakachokuwa unakiwaza si boriti wala mekanika, ni mimi ninavyokohoa kwenye simu. Utaweka sahihi kwa sababu ya kikohozi changu. Halafu utaingia darasa la mwaka wa pili pamoja na watoto waliosomeshwa jambo lile pale pale, kwa maneno ya pale pale, na mwalimu atasema "kama mnavyokumbuka", na wewe hutakuwa na kitu cha kukumbuka, na utaona haya kuuliza, maana kwenye karatasi wewe ulishalimaliza. Hiyo haya naijua. Mwenye kusamehewa huona haya kuuliza kuliko ambaye hakusamehewa. Mimi niliuona mkono wa mwenzangu mmoja ukitoa ishara nisiyoielewa siku ya pili tu ya kazi, na sikumuuliza. Mtu wa miaka kumi na moja atauliza vipi?

Halafu kutoka darasani utakwenda kwenye michoro, na kutoka kwenye michoro kuna watu watapanda juu. Kina Wafula wako kila mahali. Hawana habari za alama zako. Wana watoto. Huyu wangu ana wanne, na wa mwisho amempa jina la mamake.

Usinielewe vibaya, si kwamba naona kuta zinakuangukia. Huenda nimekuwa mwoga kupita kiasi. Wafula ananiambia hivyo, anasema tangu siku ile hata sukari ya chai naifunga kwa kamba mbili. Lakini woga huu nimeulipia, na sina kitu kingine cha kukufungia safarini ambacho mamako hajakitia kwenye begi.

Kwa hivyo ninalokuomba ni dogo. Kabla ya kuweka sahihi, mtafute huyo mwalimu wa mekanika. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, habari ya mgomo na yale maswali, lakini usicheke. Mwombe akuulize mambo mawili matatu. Kama majibu yatakutoka, chukua masomo yako saba, ushukuru Mungu, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele kwenye foleni. Kama hayatoki, waachie hilo moja, ukakae benchini na watoto wa mwaka wa kwanza. Watakuita nyanya wa darasa. Hakuna anayekufa kwa jina.

Na ili usije ukaniweka mimi kwenye mizani hiyo, leo asubuhi kabla ya swala nilimpigia mamako nikamwambia ajipange kwa miaka mitano. Kisha akaniuliza sweta lile la kijivu limebaki na viwiko au limeshatoboka, maana kama ni mitano itabidi ashone jingine. Kwa hivyo limekwisha kati yetu, usiende kulifungua upya. Bwawa hili likiisha kuna jingine. Winchi haikosi kuhitaji mtu wa kuionyesha kidole, na siku hizi kidole changu kinasema sawasawa na cha wengine.

Idd nitakuja kama kawaida, nikae siku mbili tatu. Lakini ukiulizwa huko, au nyanyako akikupigia kukudadisi baba yako anarudi lini moja kwa moja, usimwambie minne. Mwambie baada ya miaka mitano. Ukinirudisha kabla ya hapo, sitakataa.

Baba yako.